Padawa

"Chupa ziko wapi?" Nalotuesha aliuliza kwa mara ya pili.

Mama Mkubwa hakuwa na haraka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya mabati, mguu wa kushoto ameunyoosha juani, ugoro kiganjani. Akavuta, akapiga chafya, akajifuta pua kwa ncha ya shuka, ndipo akaelekeza kidevu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa kando yake.

"Chupa za nini tena? Dawa ndizo hizo. Si umekuja kuhesabu? Hesabu."

Nalotuesha akaufungua mkebe. Mlikuwa na vidonge vyeupe, vyote vya umbo moja na ukubwa mmoja, vimerundikwa pamoja kama maharagwe ya kupimiwa sokoni. Akavimwaga kwenye leso yake, akachuchumaa, akavihesabu viwili viwili kama alivyofundishwa. Hamsini na sita. Siku ile kila mmoja wa mama zake wawili alipaswa kuwa amebaki na vidonge ishirini na vinane. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililomvunja nguvu.

"Hizi ni za nani, Mama Mkubwa?"

"Zetu."

"Zetu na nani?"

"Mimi na Padawa."

Alidhani hakusikia vizuri. Wamasai wakipeana mnyama huacha kuitana majina. Aliyetoa ng'ombe na aliyepewa wataitana Pakiteng mpaka kaburini, wa kondoo wataitana Paker, na wewe mpita njia ukiwasikia unajua tu ni kitu gani kilipita kati yao. Lakini Padawa? Tangu Wamasai wawe Wamasai, jina hilo halikuwahi kusikika. Na huyo Padawa alikuwa nani kama si Kakenya, mke mdogo, mama mzazi wa Nalotuesha, ambaye kwa miaka thelathini na tisa Mama Mkubwa hakumwita kitu ila "yule". Yule ameacha ndama wake waingie kwangu. Mwambieni yule moshi wake unakuja huku. Hata siku ya kumzika mume wao, yule alisimama upande wake na huyu upande wake.

"Mlianza lini mambo haya?"

"Mwezi wa tatu wa dawa. Kidonda changu kikaanza kufunga, chake kinatoa maji. Mimi niko na macho. Nikajua dawa ya kweli imeniangukia mimi, na mwenzangu amepewa zile za uongo ulizotuambia. Sasa nile peke yangu nikimtazama anaoza? Mimi ni fisi?"

Nalotuesha akakaa chini, hapo hapo vumbini, na koti lake la mhudumu wa afya.

Za uongo. Neno hilo alilileta yeye mwenyewe. Miezi minane nyuma, utafiti ulipofika Noonkopir, walitafutwa watu wenye kisukari ambao vidonda vyao vya miguu vimekataa kupona. Wote wangesafishwa vidonda na kupewa dawa zao za sukari kama kawaida. Juu ya hapo, nusu yao wangepewa kidonge kipya, na nusu nyingine kidonge kinachofanana nacho lakini ndani hakina dawa. Nani apate kipi, ni kompyuta iliyochagua kwa bahati tu, kama kurusha shilingi, na hata muuguzi hakujua. Hayo yote Makena, muuguzi wa utafiti, aliyaeleza vizuri sana kwa Kiswahili. Kakenya alielewa, maana aliuza maziwa mjini Kitengela miaka ishirini. Mama Mkubwa, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya mbuzi, alibaki kumkodolea macho Nalotuesha amtafsirie. Sasa utasemaje kwa Kimasai dawa isiyo na dawa? Aligeuza maneno, akayarudisha, jua linachoma, foleni nyuma inanung'unika, mwisho akasema: wengine watapewa dawa za uongo.

"Ameelewa?" Makena akauliza.

"Ameelewa," Nalotuesha akajibu, na Mama Mkubwa akabonyeza kidole gumba kwenye fomu.

*

Kakenya alikuwa ametoka kisimani. Alikuja akichechemea, mtungi wa lita ishirini mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye paji la uso, kiatu cha mguu mbaya kimekatwa mbele ili bandeji ipate nafasi. Bandeji ilikuwa na tope.

"Yeyo, mama yangu, si ulikatazwa kutembea?"

"Nikakatazwa na nani? Na huyo aliyenikataza atanichotea?" Akatua mtungi, akashusha pumzi. Akaona mkebe mkononi mwa binti yake, akaangalia pembeni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. "Ameshakwambia."

"Mbona hukuniambia wewe?"

"Ungetukataza. Siku zako za kuja nilikuwa nazirudisha chupani kwanza, leo umenikuta kisimani."

"Ndiyo, ningewakataza! Yeyo, hizi si karanga. Wakijua mmechanganya watawatoa wote wawili. Na mimi watanifukuza, maana mimi ndiye nawaandikia hesabu."

Kakenya akaketi kwenye jiwe la mpaka. Mawe ya mipaka yalikuwa mengi siku hizi. Upande ule mwingine wa ua kulikuwa na ghorofa la mtu wa Nairobi, limeanzwa na kuachwa. Akakaa akiutazama mguu wake kwa muda.

"Alikuja hapa asubuhi moja na huo mkebe," alisema. "Alikuwa hajaingia kwangu tangu baba yako afe. Akaniambia, Kakenya, lete zako. Aliniita jina langu, Nalotuesha. Nilidhani ameniletea tanzia. Tukamimina zote, akatikisa kama mtu anatikisa kibuyu cha maziwa, akasema kuanzia leo wewe ni Padawa. Sasa ulitaka nimwambie hapana, sheria ya kliniki?"

"Ungemwambia hata huelewi."

"Nilielewa. Usiende kusema, mwanangu. Wakitutoa, nani atanifunga hiki kidonda? Na yule mwingine atarudi kuniita yule."

Nalotuesha alikuwa amechoka. Alikuwa ametembea maboma kumi na moja siku ile, kwenye saba alifokewa, na kwenye moja aliachiliwa mbwa. Angeweza kusimama, kupiga simu, kumwambia Makena. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na chaji. Badala yake aliomba zile chupa mbili, zenye namba mbili tofauti, akaziweka magotini, akagawa vidonge ishirini na vinane huku na ishirini na vinane kule bila kujua kipi ni cha nani. Kwenye karatasi akaandika mara mbili: sawa.

Jioni alipokuwa anaondoka aliwaona wanavimwaga tena kwenye mkebe. Hakugeuka.

*

Wiki mbili baadaye Makena alipitia karatasi zake kliniki, akatikisa kichwa kwa kufurahi mbele ya wahudumu wengine wote.

"Muone boma la kina Nalotuesha. Hakuna hata kidonge kimoja kimepotea. Nyinyi wengine mnaniletea hesabu ya kubahatisha, mtu amebakisha tano, mwingine amezidi tisa. Mjifunze kwa mwenzenu."

Wakampigia makofi. Naye alitabasamu, afanyeje? Kisha Makena akafungua bandeji ya Kakenya, na tabasamu zote mbili zikaisha.

"Mama, huu mguu unatembea nao wapi?"

"Hapa na hapa tu."

"Hapa na hapa gani iko na tope?"

Kakenya akacheka kwa aibu. Kitanda cha pili, Mama Mkubwa alikuwa amenyoosha wake, kidonda kimebaki cha ukubwa wa kifungo cha shati. Alimuuliza Nalotuesha kwa Kimasai kama mtoto huyu wa Kimeru anamgombeza Padawa, na kwa nini, na kama inafaa yeye aingilie. Nalotuesha akamwambia aendelee kulala.

*

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumanne moja vidole viwili vya mguu mbaya wa Kakenya viliamka vyeusi, na kufikia saa nne weusi ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo, na homa juu. Nalotuesha akampeleka hospitali ya Kajiado mjini. Lesiamon, mtoto wa kwanza wa Mama Mkubwa, ambaye ni dalali wa mbuzi Kiserian, aliwakuta huko akiwa bado na fimbo yake ya mnadani mkononi.

"Nani alitia hawa wamama kwa majaribio?" aliuliza, na hakungoja jibu. "Ni wewe. Umefanya mama zetu panya wa mzungu."

"Hakuna mzungu, Lesiamon."

"Basi panya wa Mkenya. Kuna tofauti gani?"

Watu kwenye benchi waligeuka. Nalotuesha akavuta koti lake la mhudumu, akalikunja, akalificha ndani ya mfuko wa nailoni.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisoma kadi ya utafiti iliyokuwa shingoni mwa Kakenya, akaisoma tena.

"Huyu mama ako kwa utafiti. Hii dawa inafanya damu iwe nyepesi, ifike kwa kidonda. Kama amekuwa akiimeza, nikimkata leo damu inaweza kukataa kusimama. Kama ni ile haina dawa, nakata saa hii, na saa hii ndiyo nataka. Lazima nijue ni gani."

"Mimi sijui. Hakuna mtu anajua."

"Kuna mtu anajua. Pigia namba iko hapa kwa kadi."

Alimpigia Makena. Makena hakulaumu wala kushangaa. Sauti yake ikawa ya kazi. Kwa dharura kama hiyo, alisema, Daktari Mugo, mkuu wa utafiti, anaruhusiwa kufungua siri ya mgonjwa mmoja, na atafungua sasa hivi. Akasoma namba ya chupa, Nalotuesha akaithibitisha.

"Na amekuwa akimeza za hiyo chupa yake tu, si ndiyo? Hiyo lazima niandike."

Nalotuesha alikuwa amesimama kwenye korido, kiganja ukutani. Lesiamon alikuwa anamtazama. Daktari alikuwa anamtazama. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo aliona kisigino cha mama yake, kile kizuri, kimepasuka pasuka kwa sababu ya vumbi la miaka sitini. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyopata uchungu wa kuzaa.

"Nalotuesha? Uko?"

"Hapana," alisema. "Si za chupa yake tu. Walichanganya. Yeye na Mama Mkubwa. Wanamimina kwa mkebe mmoja, kila mtu anachota."

Kalamu ya Makena ikasikika ikiwekwa mezani.

"Tangu lini?"

"Karibu miezi saba."

"Na wewe ulijua?"

"Mwezi na nusu. Nilijua."

"Ulikuwa unaniandikia sawa."

"Nilikuwa nakuandikia sawa."

Makena alivuta pumzi. "Haki, Nalotuesha. Niliwafanya wakakupigia makofi." Kisha akarudi kwenye sauti ya kazi. "Basi zote mbili zifunguliwe. Usizime simu."

Dakika ishirini. Lesiamon alizimaliza akitembea huku na huku, fimbo kwapani. Simu ilipolia, Nalotuesha aliiweka sikio moja na kuziba lingine kwa kidole.

"Ya mama yako ndiyo iko na dawa," Makena alisema. "Ya Mama Mkubwa haina kitu. Ni unga tu. Kwa hivyo mama yako amekuwa akipata kama nusu. Mwambie daktari hivyo. Nusu."

Daktari aliposikia alipiga hesabu zake, akaagiza damu iwekwe tayari, akasema atangoja mpaka kesho alfajiri. Kesho yake mguu ambao labda ungekatwa kifundoni ulikatwa chini ya goti.

*

Makena alikuja siku ya tatu, akakutana na Nalotuesha kwenye bomba la nje akisuuza vikombe.

"Utafiti umewatoa wote wawili," alisema. "Kidonda cha mama mkubwa nitaendelea kukifunga, hiyo nimeomba na wamekubali. Yako sijui. Daktari Mugo atakuita."

"Ni sawa." Akafunga bomba. "Nikuulize kitu. Angemeza zake zote, peke yake, mguu ungebaki?"

"Sijui."

"Wewe ni muuguzi, usiniambie hujui."

"Hata hiyo dawa yenyewe hatujui kama inaponyesha. Tungejua hatungekuwa tunaipima." Makena akamtazama viatu vyake, si uso. "Mama yako alikuwa anachota maji?"

"Kila siku. Mimi niko maboma ya watu, ndugu yangu Saruni ako Mombasa kwa kazi."

"Na mama mkubwa?"

"Yeye ako na mke wa Lesiamon. Hata kikombe hanyanyui."

Nalotuesha alitamani Makena amtukane. Kidonda kimoja kililala juani na kingine kilikwenda kisimani. Miezi hiyo yote mtu yeyote mwenye akili angeliona jambo hilo, na yeye alikuwa anapita hapo kila wiki mbili akihesabu vidonge.

Wakaingia wodini. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu asubuhi, miguu yake miwili chini, kibuyu cha maziwa mapajani, akisubiri mgonjwa aonyeshe njaa. Kakenya alikuwa ameamka. Blanketi lilikuwa limeinuka upande mmoja na kulala bapa upande wa pili.

"Mna haki ya kujua," Makena alisema, akifungua faili. "Si lazima mjue, lakini ni haki yenu. Mnataka?"

Nalotuesha akatafsiri. Mama Mkubwa akasema bila kusita, "Aseme. Mimi nataka kusikia yangu ilikuwa ipi."

Basi Makena akasema, pole pole, kwa Kiswahili cha kueleweka: chupa ya mama mkubwa ilikuwa ile isiyo na dawa, chupa ya Mama Kakenya ndiyo ilikuwa na dawa.

Kakenya alisikia. Nalotuesha aliona amesikia, kwa vile mkono wake ulivyoshuka taratibu ukakaa pale ambapo blanketi lilikuwa bapa, ukapapasa, ukabaki hapo. Hakulia. Alitazama dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Anasema nini huyu msichana?" Mama Mkubwa akauliza.

Nalotuesha akafungua mdomo. Ilikuwa sentensi fupi, na mara hii kwa Kimasai ilikuwa rahisi: za uongo zilikuwa zako. Hakuweza kuanza. Alikuwa amesema ukweli mara moja wiki ile, na hakuwa amebakiwa na nguvu za mara ya pili.

"Anasema zilikuwa dawa," Kakenya akasema kutoka kwenye mto.

"Zipi?"

"Zote. Zako na zangu."

Mama Mkubwa akafikiri. "Kwa hivyo hakukuwa na za uongo?"

"Hakukuwa, Padawa."

"Basi nilikupa dawa ya kweli."

"Ulinipa."

"Na mguu ukakataa."

"Ulikuwa mkaidi kama mwenyewe."

Mama Mkubwa akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa shuka lile lile la kufutia ugoro. Akainama. Akatema mate mepesi kiganjani, akampaka mwenzake kwenye paji la uso, pale mkanda wa mtungi ulipokuwa umeacha alama, akambariki kwa Enkai na kwa mume wao marehemu na kwa ng'ombe ambao hawakuwa nao tena.

"Ashe, Padawa," Kakenya akasema. Asante.

Makena alikuwa ameshika fomu ya kutolewa kwenye utafiti, kalamu hewani. Alitazama wazee wawili, kisha akamtazama Nalotuesha.

"Ameelewa?"

Nalotuesha alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa amefumba macho.

"Ameelewa," alisema.

Makena akafungua kidau cha wino. Mama Mkubwa akabonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa, akakigeuza juu kukiangalia, akakifuta kwa shuka. Kisha akamwambia Nalotuesha aambie wale wa nyumbani kwamba kuanzia sasa maji ya Padawa atachota yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye ana miguu miwili.